Ninunue prosesa ya K niiovakloki kwenye Dell yangu?

Swali: "Habari za kazi kaka. Nina Dell OptiPlex 7040 ile ya mnara, niliinunua mtumba wa Uingereza. Ina i5-6500, RAM GB 8 kijiti kimoja, SSD ya GB 256 na nimeongeza GTX 1050 Ti. Naeditia video za harusi na sendofu kwenye Premiere, usiku nacheza gemu. Sa hivi inanichosha, kueksporti video ya dakika 40 nasubiri karibu saa nzima na kwenye gemu inakwamakwama. Rafiki yangu kaniambia nitafute i7-6700K ya mtumba, soketi ni ileile, niiovakloki mpaka 4.8 nitasahau shida zote. Nimeshapata mtu anauza. Ila naogopa kuiunguza maana hii mashine ndo inanilisha. Ninunue? Na kuovakloki kwenye joto letu hili la Dar kuna madhara gani?"

Salama mdogo wangu. Pole kwanza, najua ile hali ya bwana harusi kupiga simu kila baada ya dakika kumi na eksporti imegoma kwenye asilimia 37. Swali lako nimelisoma mara mbili na naona ni maswali matatu umeyafunga kwenye fungu moja: hiyo prosesa itaingia? Itaovaklokika? Na je, prosesa ndo inayokuchelewesha kweli? Rafiki yako kajibu la kwanza tu, tena kalijibu nusu.

Nikujibu haraka ili ukitaka kumpigia muuzaji umpigie sasa hivi: usinunue 6700K kwa ajili ya hiyo Dell. Sio kwamba ni prosesa mbaya, ilipotoka Agosti 2015 ilikuwa ya juu kabisa kwa watu wa magemu. Tatizo ni nyumba unayotaka kuihamishia.

Watu wengi wanaona herufi K wanafikiri ni kama injini ya turbo, unaipachika popote inakimbia. K maana yake ni moja tu, Intel wameacha kizidisho bila kufuli. Prosesa ina mapigo ya msingi, kwa kizazi chako ni megahezi 100, na ina kizidisho. i5-6500 yako inazidisha mara 32 unapata 3.2 GHz, na turbo (ile kasi ya ziada inayojiwasha yenyewe) ikiamka inafika mpaka 3.6. Kuovakloki ni kumwambia kizidisho kipande kuliko alivyopangiwa kiwandani, na hapo lazima wakubaliane watatu: prosesa iwe haina kufuli, chipseti ya mazabodi (chipu inayosimamia bodi kuu) iruhusu, na BIOS (programu ya ndani inayoiamsha kompyuta) iwe na sehemu ya kubadilishia. Kwa kizazi cha sita na cha saba chipseti zilizoruhusu ni Z170 na Z270. Mazabodi yako ni Q170, ya maofisini, imetengenezwa ili mtu wa IT wa kampuni asimamie kompyuta mia tatu akiwa kwenye kiti chake, hakuna aliyekuwa anawaza 4.8 pale. Ingia mwenyewe kwenye BIOS kwa F2, zunguka sehemu ya Performance mpaka uchoke, utakuta kuwasha na kuzima TurboBoost, SpeedStep, C-States, Hyper-Thread, basi. Kizidisho hukioni. Kwa hiyo hata hiyo 6700K ikikubali kuwaka humo itakimbia kwa namba zake za kiwandani, na hizo unaweza kuzikaribia kwa i7-6700 ya kawaida bila K, ambayo ndo kubwa kuliko zote ambazo Dell wenyewe waliiweka kwenye mashine hiyo.

Utakutana na mtu atakwambia kuna BIOS imekrakiwa inafungua. Mwishoni mwa 2015 kuingia 2016 kulikuwa na mlango wa nyuma kweli, baadhi ya watengenezaji wa mazabodi walitoa BIOS zilizoruhusu kupandisha yale mapigo ya msingi hata kwa prosesa zisizo na K, na Intel hawakuchelewa kuufunga. Lakini hata hizo nyingi zilikuwa Z170. Hiyo Dell ukiichomekea BIOS ya kuokota unaweza kuamka na boksi la chuma lenye taa ya kahawia inayometa, na fundi wa kukurudishia hapo lazima awe na programa ya kuandika chipu ya BIOS moja kwa moja. Wapo, ila sio kila fremu.

Sasa chukulia kwa muujiza mazabodi imekubali. Bado kuna umeme. i5-6500 yako imepangiwa wati 65, 6700K wati 91, na hiyo 91 ni kabla hujaigusa. Pawasaplai ya mnara wako, kile kiboksi cha kugawa umeme, ni ya wati 240. Jumlisha: GTX 1050 Ti wati 75, prosesa iliyoovaklokiwa kwa urahisi inapita 120 ikiwa kazini, feni, SSD, RAM, mazabodi yenyewe, umeshafika mahali pawasaplai inahema, na hii ni pawasaplai iliyokaa ofisini Uingereza miaka kadhaa ikiwaka saa nane kila siku kabla haijapanda meli. Utasema basi nabadilisha pawasaplai. Sawa, fungua kifuniko uangalie waya unaoingia kwenye mazabodi, sio ule mpana wa pini 24 unaouzwa kila duka, Dell wana soketi yao. Adapta zipo, ila umeona tunavyozidi kuongeza viraka.

Hapa naomba uniruhusu nikae kidogo kwenye jambo lenyewe, maana ukielewa kinachotokea ndani hutababaishwa tena na mtu yeyote anayeuza prosesa.

Umewahi kuwepo siku ya kumwaga zege? Watu wanajipanga kuanzia kwenye mikisa mpaka juu kwenye jamvi, kila mtu anampasia mwenzake karai, na kuna jamaa mmoja anaita mwendo, "haya... haya... haya." Kila akiita, kila karai linasogea mkono mmoja. Prosesa inaenda hivyohivyo, 3.2 GHz ni yule jamaa kuita mara bilioni 3.2 kwa sekunde, na kila akiita lazima umeme uwe umeshamaliza safari yake ndogo kutoka transista (swichi ndogo mno) moja hadi nyingine. Kuovakloki ni kumwambia aite haraka zaidi. Mwanzoni watu wanaweza, kuna nafasi kidogo kati ya karai kufika na sauti inayofuata. Ongeza, ongeza, unafika mahali sauti imetoka na karai la mtu mmoja wa katikati halijafika mkononi, linaanguka. Kwenye kompyuta karai likianguka ni skrini ya bluu, au programu inajifunga, au, na hili ndo baya zaidi kwako, hakuna kinachotokea kabisa isipokuwa namba moja imeandikwa vibaya ndani ya faili. Unaeksporti harusi, unafuta kadi za kamera, unampelekea mteja, anakuuliza mbona dakika ya 23 wakati wa kukata keki picha imepasuka vipande vipande.

Dawa ya karai kuanguka ni kuwapa watu nguvu, yani kuongeza volti. Transista ikipewa volti zaidi inawaka na kuzima haraka. Ila bili yake haipandi sawa na kasi. Nguvu inayoliwa inaenda na kasi mara volti mara volti tena, volti inahesabiwa mara mbili. Tufanye hesabu ya kitu kinachowezekana: umetoka 4.2 ukaenda 4.6, na ili itulie umepandisha volti kutoka 1.20 hadi 1.35. Kasi imeongezeka karibu asilimia 10. Umeme umeongezeka karibu asilimia 39. Na umeme wote ulioliwa unatoka kama joto, hauna pa kwenda pengine. Umenunua kumi kwa thelathini na tisa.

Na hiyo 4.8 ya rafiki yako usiichukulie kama ahadi. Prosesa mbili za jina moja zilizokatwa kwenye sahani moja ya silikoni hazilingani, moja inafika 4.7 bila jasho nyingine inagoma 4.5, huwezi kujua mpaka uijaribu, na anayeuza mtumba kama anayo iliyofika 4.8 kwa utulivu huenda asingeiuza, au angeiuza kwa kujisifia. Tena piga hesabu hata ukiipata: toka turbo yake ya kawaida 4.2 mpaka 4.8 ni nyongeza ya asilimia 14. Kazi ya dakika 40 ya prosesa tupu inakuwa dakika 35. Dakika tano mdogo wangu! Kwa mazabodi mpya, pawasaplai mpya, kuleja (kipoza prosesa) mpya na usingizi wa wasiwasi.

Kuhusu joto la Dar nikupe la kwangu mwenyewe. Miaka ile nilikuwa na i5-2500K kwenye mazabodi nzuri tu, nikaipandisha 4.5 mwezi wa saba, upepo wa kusi, usiku dirisha wazi. Nikaipima usiku kucha haikutetereka, nikatamba kijiweni wiki nzima. Ikaja kaskazi, Januari, saa nane mchana, chumba kina bati na feni moja ya dari, mashine ikawa inajizima katikati ya kazi. Sikuwa nimebadilisha kitu chochote. Ni kwamba hitisinki (kile chuma cha kupozea) haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba, inaishusha kuelekea hapo tu, kwa hiyo chumba kikipanda nyuzi 8 na prosesa inapanda karibu nyuzi 8 hizohizo. Wale mnaowaona kwenye video za YouTube wanasema "nyuzi 72 tu" wamekaa kwenye chumba cha nyuzi 20. Kwako 32 ni kawaida na ndani ya boksi ni zaidi. Ile nyuzi 72 yao kwako ni 84 au 85, na kule unakosema "bado nafasi ipo" haipo.

Ila hofu yako ya kuunguza nayo niipunguze, maana iko pasipo pake. Prosesa za Intel za kizazi hiki zikikaribia nyuzi 100 zinajipunguzia kasi zenyewe, na ikizidi mno zinajizima. Haitoki moshi. Kinachoua taratibu ni volti kubwa pamoja na joto kwa muda mrefu, umeme mwingi unapita kwenye vijia vya shaba vyembamba mpaka chembe za shaba zenyewe zinasukumwa kutoka sehemu zao, kama mto unavyokula kingo, na baada ya miezi au miaka prosesa iliyokuwa imara 4.6 haiwezi tena 4.6, halafu haiwezi 4.4. Na usifikiri ni mambo ya watu wa viraka peke yao. Mwaka 2024 Intel wenyewe ilibidi watoe marekebisho kwa prosesa za desktop za kizazi cha 13 na 14 kwa sababu zilikuwa zinaomba volti kubwa kupita kiasi na baadhi zikaharibika, wakaongeza na waranti miaka miwili juu. Kiwandani kwenyewe, na wataalamu wote wale, volti iliwateleza. Kwa hiyo prosesa ya K ya mtumba ambayo hujui mwenzako aliilisha volti ngapi kwa miaka mingapi, unanunua gari lililokuwa linashindanishwa halafu odomita haipo.

Lakini nisimwonee rafiki yako, alichosema kiliwahi kuwa kweli. Mwaka 1998 Celeron 300A ya megahezi 300 ulikuwa unaibadilishia mapigo ya msingi kutoka 66 kwenda 100 inakuwa 450, nusu nzima ya bure, hakuna aliyekuwa na akili timamu akaacha. Na 2500K ya 2011 nayo ilikuwa ya 3.3 inafika 4.5 kwa kuleja ya kawaida. Siku zile kiwanda kilikuwa kinaacha nafasi kubwa mezani. Siku hizi hiyo nafasi wanaichukua wenyewe kwa turbo, prosesa inatoka boksini tayari imeshajiovakloki hadi karibu na mwisho wake, kinachobaki kwako ni makombo. Ndo maana hata wanaojenga mashine mpya kabisa wengi hawajisumbui tena.

Haya. Sasa swali la tatu ambalo ndo la maana, nani anachelewesha kazi yako? Hapa nataka upime, usikisie, haikugharimu hata mia.

Anza na Premiere yenyewe maana nina wasiwasi nayo. Fungua Project Settings, General, angalia pale kwenye Renderer. Ikiwa imeandikwa Software Only, basi GTX yako imekaa tu inatazama, badilisha iwe GPU Acceleration yenye neno CUDA. Kisha ukienda kueksporti kwa H.264 (mfumo wa kawaida wa kubana video) angalia Performance au Encoding Settings, iwe Hardware Encoding isiwe Software. 1050 Ti ina sehemu maalumu ndani yake ya kuandika H.264 na Premiere inaitumia tangu 2020. Nimeona watu wawili mwaka jana waliokuja kwangu na pesa mkononi za kununua prosesa, tukabadilisha mistari hiyo miwili wakarudi na pesa zao nyumbani (mmoja alininunulia soda, mwingine hata hilo hakukumbuka). Kama zote zilikuwa sawa tayari, vizuri, tuendelee.

Weka eksporti iende, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, nenda Performance. CPU ikikaa asilimia 95 mpaka 100 muda wote huku GPU (hiyo kadi yako ya GTX) iko chini na RAM ina nafasi, hapo kweli prosesa ndo imezidiwa. RAM ikiwa imejaa GB 7.6 kati ya 8 na SSD inahangaika, basi tatizo ni RAM, Windows inakopa nafasi kwenye SSD na kila kitu kinasubiri. Mimi nikiwekeana dau na wewe naweka hapo, Windows yenyewe na Chrome na Premiere kwenye GB 8 ni familia ya watu tisa kwenye chumba kimoja.

Kwenye gemu kuna mtego. Kore zako (vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) ni nne, kwa hiyo kore moja ikijaa kabisa Task Manager inaonyesha asilimia 25 tu na wewe unasema prosesa imelala. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya grafu, chagua Logical processors uone kila kore peke yake. GPU ikiwa 97 au 99 muda wote, prosesa haina kesi, hata uweke ya NASA fremu hazitaongezeka, punguza setingi za gemu au weka akiba ya kadi. GPU ikiwa 60 na inashukashuka huku kore zote nne zimebana juu, hapo ndo kukwamakwama kunatoka kwenye prosesa, na kwa i5-6500 kwenye gemu za siku hizi hilo linatokea sana kwa sababu ina kore 4 na thredi 4 tu (yani kazi inazoshika kwa wakati mmoja).

Kingine: ulipokuwa unaniandikia umeandika kijiti kimoja bila kujua umeniambia kitu kikubwa. Kijiti kimoja ni njia moja. RAM yako ya 2133 inapitisha karibu GB 17 kwa sekunde, ukiweka vijiti viwili kwenye soketi za rangi inayotakiwa inakuwa 34. Hakuna ovakloki ya prosesa itakayokupa mara mbili ya kitu chochote.

Kwa hiyo ningekuwa ni mimi, ningeenda hivi.

Kwanza nafungua boksi, napuliza vumbi, natoa hitisinki nafuta pesti ya zamani kwa spiriti, naweka mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Pesti ya kiwandani ya 2016 sa hivi imekuwa kama chokaa, na inawezekana turbo yako haifiki hata 3.6 kwa sababu ya joto. Weka HWiNFO, ni ya bure, angalia nyuzi kabla na baada.

Pili RAM, GB 16 ya vijiti viwili vya 8. Na hapa kuna ujanja: mnara wa 7040 unatumia DDR4 ya desktop, kwa hiyo nunua za 3200 zenye volti 1.2 za kawaida, kwenye Dell zitakimbia 2133, lakini siku ukihamia mazabodi nyingine unaondoka nazo zinakimbia 3200. Ukinunua nenda na mashine yako ijaribiwe palepale kabla hujatoa hela, Dell huwa zinachagua vijiti. Na usichanganye na kile cha zamani mpaka ujaribu.

Tatu, kama baada ya yote hayo vipimo bado vinasema ni prosesa, i7-6700 bila K ndo inayofaa. Wati 65 zilezile, hitisinki ileile, pawasaplai ileile, thredi 8 badala ya 4, turbo mpaka 4.0. Kwa eksporti za prosesa tupu utaona tofauti, kwenye gemu kukwama kutapungua. Lakini iwe kwa bei ya chini kweli, na nitakwambia kwa nini.

Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kuna muda wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa waliojiandikisha unaoishia Oktoba 2026. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu. Ya sita haimo, iwe na K isiwe na K. Watu wanaiingiza kwa njia za pembeni, inawaka, na mimi nimewafanyia wengi tu, lakini kwa mashine ya biashara yenye video za wateja sipendi kujenga juu ya hapo. Kwa hiyo kila shilingi unayoweka kwenye soketi hii ni shilingi ya kwenye nyumba ya kupanga.

Mpango wangu wa mwaka kwako ungekuwa kuweka akiba ya mazabodi ya AM4 (soketi ya AMD, washindani wa Intel) kama B550 na prosesa ya Ryzen 5 5600. Kore 6 thredi 12, wati 65 tu, turbo ya kiwandani 4.4, inakuja na kuleja yake boksini, na Windows 11 inaikubali. RAM ulizonunua zinahamia, SSD inahamia, 1050 Ti inahamia. Boksi na pawasaplai ya Dell ndo vinabaki, na hiyo Dell yenye i5 yake bado ni mashine nzuri ya mtu wa steshenari, inauzika. Na ukitaka kuovakloki siku hiyo, ruksa, B550 inaruhusu na hiyo prosesa haina kufuli. Angalia tu usiuziwe mazabodi ya A320 au A520, hizo haziruhusu kuovakloki prosesa hata Ryzen iwe wazi kiasi gani. Ni kosa lilelile la Q170 kwa jina jingine.

Kama unataka kuovakloki kwa raha yake, kama mtu anavyotuni pikipiki, hilo ni jambo lingine na silipingi hata kidogo, mi mwenyewe nimepoteza Jumamosi nyingi humo. Ila tafuta mashine ya kuchezea ambayo ikigoma hakuna harusi inayochelewa. Panda hatua moja ya kizidisho kwa wakati, ipime saa kadhaa mchana wa jua sio usiku, volti iwe kitu cha mwisho kabisa unachogusa.

Mahali ambapo nakuomba usijifanyie mwenyewe ni pawasaplai na soketi. Pawasaplai usiifungue hata ikiwa imechomolewa, kapasita zake zinatunza umeme. Kuhusu soketi, tofauti na prosesa za AM4 zenye miguu, kwako miguu iko kwenye mazabodi, ni misumari midogo zaidi ya elfu moja laini kama nywele, ukiangusha prosesa kwa pembeni au kidole kikateleza umepinda kumi kwa mara moja na kuinyoosha ni kazi ya darubini. Mpelekee fundi, simama hapo, muulize kama ameshawahi kubadilisha prosesa ya soketi 1151 kama hii yako, na ukiona anaishika kwa kidole gumba katikati ya sehemu ya dhahabu, mshukuru uondoke. Mpelekee pia haraka kama kuna harufu ya kuungua, kama mashine inajizima ghafla huku HWiNFO inaonyesha nyuzi 60 tu (hapo ni pawasaplai, sio joto), au ukiona kapasita zimevimba vichwa.

Fanya ile ya Premiere leo usiku kabla hujamjibu muuzaji, halafu nitumie vitu vitatu: dakika za eksporti kabla na baada, picha ya Task Manager ikiwa katikati ya kazi, na kamera unayopigia. Hiyo ya kamera ni muhimu kuliko unavyodhani, kama ni hizi mpya na umeweka 10-bit 4:2:2 (video yenye taarifa nyingi zaidi za rangi) basi 1050 Ti haiwezi kuifungua video hiyo na mzigo wote unarudi kwa i5 yako, na dawa yake ni kutengeneza proksi (nakala nyepesi za video) kabla ya kuanza kuediti, nitakuelekeza nikishaiona.